Wa Nne na Kona ya Mbalizi

Siku ya kuniaga, ninyi walimu wa michezo mliokuja nyuma yangu mlinipa kitenge, sufuria na ombi. Kitenge nimeshakishona. Sufuria ni kubwa kuliko watu waliobaki nyumbani kwangu, lakini majirani wanaiazima kila penye shughuli, kwa hiyo haijalala bure. Ombi lilikuwa niandike niliyoyaona kazini, na ndilo ninalolitimiza sasa, nimeota jua la asubuhi hapa Mbeya na masweta mawili mwilini, hakuna kengele inayoniita. Sikujua kustaafu kuna raha hivi.

Mkitafuta humu nilipandishwa daraja lini na kwa mshahara gani, mtachoka bure. Daraja lilipanda taratibu kuliko mimi kwenye mlima, na mshahara tuuache huko huko ulikokuwa.

Nilianza kazi Iringa, mji niliozaliwa. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa pale mjini, na babu zake walitoka pwani na biashara zao wakanogewa na baridi. Nyumbani tulisema Kiswahili tu, ndiyo maana mpaka leo Kihehe changu kinaishia kwenye kamwene ya kusalimia, na Kinyakyusa changu kinaishia kwenye ndaga ya kushukuru. Siku ya kwanza mkuu wa shule alinitazama kwa mbali, msichana mwembamba na mtandio wake, akauliza, "Wewe ndiye wa jiografia?" Nikasema ndiye. "Basi milima unaijua," akasema. "Chukua na michezo." Akanipa filimbi na ufunguo wa stoo. Stoo ilikuwa na mpira mmoja usio na upepo na kuku aliyekuwa analalia mayai, na kwa muhula mzima wa kwanza kuku ndiye aliyefanikiwa zaidi. Mama yangu aliposikia alishika kiuno. "Nimekusomesha ukapige filimbi porini?" Nikamwambia porini kuna hewa safi.

Aliyenifundisha kazi hakuwa na cheti cha michezo. Alikuwa Mzee Ndelwa, mwalimu wa kilimo, ambaye alipewa timu ya mbio za nyika kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuamka mapema. Vifaa vyake vilikuwa jembe, ndoo ya chokaa na kamba ya katani yenye mafundo, na kwa vitu hivyo vitatu alitengeneza njia za mbio ambazo sijaona mfano wake hata kwenye mashindano yenye bendera na spika. Jembe la kusawazisha mahali mtu atakapovunjika mguu. Chokaa ya kuonyesha njia. Kamba ya kupimia. Aliniambia kabla ya mbio mwalimu aitembee njia yote kwa miguu yake, na akishindwa arudi aitembee tena, akiwa na yule aliyeangusha timu. "Mkimbiaji ataona haya, na wewe utakuwa na hasira," alisema. "Wote wawili hamtasema la maana. Nendeni mkaiulize njia."

Lingine alilonifundisha ni kula. Siku ya kushindwa, Mzee Ndelwa hakuhutubia. Aliwalisha wali na maharage mpaka wakashindwa kununa, halafu akawaambia wakaoge. Mimi nimewaona makocha wanaoanza kufoka palepale kwenye mstari wa kumalizia, watoto bado wanatapika, na sijaona hotuba ya namna hiyo iliyopunguza hata hatua moja kwenye mbio zilizofuata.

Na lile kubwa ni la wa nne. Kwa wasiojua, mbio za nyika za timu wanakimbia sita lakini wanahesabiwa wanne wa kwanza kufika. Nafasi zao zinajumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Watu wote wanamtazama wa kwanza, wanambeba juu juu, wanapiga naye picha. Mzee Ndelwa alikuwa anamsubiri wa nne. "Wa kwanza anakupa picha ya ukutani," alisema. "Kikombe anakupa wa nne."

Iringa ndiko nilikojifunza pia habari ya waongoza njia, yaani wale wanaosimama kwenye kona na bendera kuwaonyesha wakimbiaji pa kupita. Nilijifunza kwa njia ngumu. Ilikuwa msimu wa mvua, na kule msimu wa mvua ndio msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Kijana tuliyemweka kwenye njia panda aliitwa na wenzake akaonje kidogo, akaichomeka bendera ardhini, na upepo ukaigeuza. Timu yangu yote ya wavulana ilikunja kulia badala ya kushoto ikaenda kutokea kijiji cha jirani, katikati ya harusi. Walirudi jioni wameshiba. Mmoja wao alikuja na paja la kuku amelifunga kwenye jezi, akanipa kama zawadi ya kunituliza, na sikutulia.

Tangu siku ile nikawa mkali kwa waongoza njia. Kila walikonialika kusaidia mashindano niliwapanga mstari asubuhi na kuwaambia maneno yaleyale: simama katikati ya njia, usikae, usiegemee mti, na mtazame mkimbiaji usoni mpaka apite. Mtu anayekimbia akili yake iko kwenye mapafu. Bendera anaweza asiione, ila macho ya mtu hayamkwepi. Maneno hayo wamenikariri nayo mikoa yote hii, na wanafunzi wangu waliyaigiza kwenye sherehe za kuhitimu, na mtandio na kila kitu.

Baadaye nilihamia Mbeya, kwenye chuo cha ualimu, na hapo ndipo nilipomalizia kazi. Yako mengi ya chuoni ningeweza kuyaeleza. Kulikuwa na wazazi waliokuja kulalamika kuhusu bukta, nikawashonea mabinti suruali za kufika magotini, wazazi wakatulia na mabinti wakagundua zinawakinga baridi. Kulikuwa na asubuhi za mwezi wa sita ambapo nyasi zina barafu nyeupe na hakuna filimbi inayoweza kumtoa mtu kitandani, nikawa nachemsha chai ya tangawizi kwenye kona ya uwanja, harufu ikafanya kazi ya filimbi. Kocha asiyejua kuchemsha chai Mbeya hana timu. Lakini mliniomba kesi ngumu, na kwangu kesi ngumu ni moja. Ni ile ya Mbalizi, mwaka mmoja kabla sijastaafu.

Mwaka ule nilikuwa na timu ya wasichana ambayo kocha anaipata mara moja, akiomba sana. Nahodha alikuwa Faraja, Mhehe wa Iringa, mbio nzuri na ulimi mrefu kuliko mbio zenyewe. Nyuma yake walikuwa wawili wanaofuatana naye. Na wa nne wangu alikuwa Atupele, binti kutoka milima ya Tukuyu, mkimya, ambaye hakuwa na mbio za kutisha ila hakuwa na siku mbaya. Ungeweza kupanga saa kwa mwendo wake. Kombe la vyuo vya Nyanda za Juu nilikuwa sijawahi kulishika kwa upande wa wasichana, na nililitaka. Sitajifanya sikulitaka. Nilikuwa nimeshalipimia nafasi kabatini.

Mashindano yalifanyika Mbalizi, nje kidogo ya mji, kwenye mashamba. Wenyeji waliombwa kutoa watu wa kusimama kwenye kona, na waandaaji wakaniita mimi niwaelekeze, kama kawaida. Walikuwepo vijana wa bodaboda, mama muuza maparachichi, na mzee mmoja mrefu aliyevaa koti lake la kanisani, Mzee Mwaipasi, ambaye alipewa kona ya mwisho kwenye mikaratusi, mbele ya nyumba yake. Yeye aliuliza maswali kuliko wote.

"Sasa mwalimu, nikiwatazama, nitazame mpaka lini?"

"Mpaka apite, mzee wangu. Mtazame usoni, ajue umemwona."

"Kila mmoja?"

"Kila mmoja."

Aliitikia kwa kichwa, akaikunja bendera vizuri, akaenda kwenye kona yake saa nzima kabla ya muda. Nikasema moyoni, leo nimepata mtu.

Nilisimama kwenye mstari wa kumalizia. Faraja akaja wa pili, akifuatwa kwa karibu na wale wenzake wawili, na hesabu ikawa nzuri sana. Tulihitaji wa nne tu. Nikatazama juu ya kilima anakotakiwa kutokea. Wakaja wa vyuo vingine. Wakaja tena. Huwa sihesabu kwa sauti, lakini siku ile nilisikia mdomo wangu ukihesabu. Atupele alipotokea alitokea pembeni, akipanda kutoka shamba la viazi, matope mpaka magotini na majani yameng'ang'ania soksi. Alikimbia mpaka mwisho, akasimama, akainama, na hakumtazama mtu yeyote. Tulishindwa kwa alama mbili.

Waamuzi walinong'onezana, kisha wakaiacha nafasi yake kama ilivyo, kwa sababu hakukata njia. Aliongeza. Kanuni zinamwadhibu anayepunguza, na sidhani aliyeziandika aliwahi kufikiri kuna mtu ataongeza kwa hiari yake.

Kwenye gari hakuna aliyeimba. Binti mmoja aliyekuwa wa mwisho wetu alisema alimwona Atupele kwa macho yake: amekaribia mikaratusi, hakuna mtu anayemsukuma, akaacha njia ghafla akaingia mashambani. Faraja akageuka kwenye kiti chake.

"Atupele, uliingia shambani kufanya nini?"

Atupele akageukia dirisha.

"Si useme tu. Ulichoka? Tumbo? Ulienda kujificha upumzike?"

"Faraja," nikasema, "tutakula kwanza."

Tulikula wali na maharage mjini, pale Mafiati, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu wali haukufanya kazi. Atupele hakugusa sahani. Na mimi, niwaambie ukweli, nilikuwa na hasira. Kama ingekuwa goti au tumbo ningeelewa. Mtu mzima, asiye na siku mbaya, kuacha njia nyeupe ya chokaa akaingia kwenye viazi?

Jumatatu alikuja ofisini kwangu na jezi ameifua, ameipiga pasi, ameikunja. Akaiweka mezani.

"Nairudisha mwalimu. Wenzangu hawanitaki, na wana haki."

"Kwa nini uliacha njia?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

Alifikiri. "Siwezi," akasema, na machozi yakamlengalenga lakini hayakudondoka.

Jezi ile ilikuwa rahisi kuipokea. Faraja alikuwa ameshaniambia kwamba yeye na wenzake hawatakimbia tena na mtu anayejificha, na kocha anayekaribia kustaafu hapendi kuvunja timu nzima kwa ajili ya mmoja. Nikaitazama jezi, nikamsikia Mzee Ndelwa, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, akisema kwa ile sauti yake ya puani. "Sipokei jezi kabla sijaitembea njia," nikamwambia. "Vaa viatu."

Tukarudi Mbalizi, mimi na yeye tu. Chokaa ilikuwa bado inaonekana. Tulitembea tukizungumza mambo ya kawaida, bei ya mbolea, mtihani unaokuja, na alikuwa mchangamfu kidogo kuliko nilivyotegemea. Mpaka tulipoiona mikaratusi. Hapo alisimama. Akautoa mtandio begani akajifunika kichwa, yeye ambaye njia nzima alikuwa kichwa wazi.

"Mwalimu, we tangulia. Mi nitakusubiri hapa."

"Tumekuja kuitembea njia yote."

"Naomba tu, mwalimu. Nipo hapa hapa, siondoki."

Nilitangulia nikiwa nimekasirika upya. Kwenye kona palikuwa na nyumba ya bati yenye mlango wa buluu, na Mzee Mwaipasi akatoka kabla sijapiga hodi, mkononi ana bendera yetu, imefuliwa.

"Mwalimu, umenikuta nataka kuileta. Karibu, karibu ndani. Uliacha kazi nzuri hapa, vijana wote walipita salama."

Akaniwekea kiti kibarazani na chai ya maziwa. Akauliza timu yangu ilifika ya ngapi. Nikamwambia ya pili.

"Pole sana. Inaniuma hata mimi, maana chuo chenu kile sasa ni kama cha kwetu. Kijana wangu anaoa pale. Likizo hii tumepeleka ng'ombe, wamepokelewa."

"Hongera, mzee wangu. Anaoa mwalimu?"

"Mwanachuo. Binti wa Tukuyu, anaitwa Atupele. Mi sura yake siijui, na ndivyo inavyotakiwa. Sisi Wanyakyusa, wale tunaoshika ya wazee, mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani. Ng'ombe wakishapokelewa basi. Tukikutana njiani, yeye anatoka njiani anajificha mpaka nipite. Vijana wa mjini wanatucheka, lakini ndo heshima tuliyoikuta."

Nilikuwa nimesikia habari za mila hiyo miaka yote niliyokaa Mbeya, kama unavyosikia habari za bahari ukiwa Iringa. Sasa nilikuwa nimekaa katikati yake na kikombe mkononi. Hasira yangu ilitoka yote, na mahali pake pakaingia kitu kinachofanana sana na kicheko.

"Mzee wangu," nikasema, "mkwe wako anakimbia."

"Anakimbia wapi?"

"Kwenye timu yangu. Juzi alifika pale kwenye mikaratusi, akakukuta umesimama katikati ya njia, unawatazama watu usoni, mmoja mmoja."

Aliweka kikombe chini. "Kama ulivyotuelekeza."

"Kama nilivyowaelekeza."

"Akafanyaje?"

"Akazunguka shamba la viazi."

"Lile la chini? Lile kubwa?"

"Lile lile."

Mzee alijishika mdomo. Akalitazama shamba lile, na mabega yake yakatikisika, nikashindwa kujua ni huzuni au anacheka. "Amelizunguka lote," akasema, na kwa namna alivyolisema neno "lote" nikajua yule binti ameshakubalika nyumba ile. Kisha akaniuliza, "Na sasa yuko wapi?"

"Pale nyuma ya miti. Ananisubiri."

Mzee Mwaipasi alisimama, akaokota kofia yake, akaingia ndani na kuufunga mlango wa buluu. Baadaye sauti yake ikatoka dirishani, chini ya pazia: "Mwambie apite. Njia iko wazi."

Tukaimalizia njia, mimi na Atupele. Kwenye kilima alinieleza kwamba sura ya mzee aliijua kwa picha kwenye simu ya mchumba wake, na kwamba alipomwona katikati ya njia miguu iligeuka yenyewe kabla hajaamua. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesemaje, mwalimu? Niseme baba mkwe ndo katuponza? Mi hata jina lake silitaji. Na wale wa vyuo vingine wangecheka mpaka leo."

Sikuwaambia wenzake. Nilimwambia hilo ni lake, alitoe akitaka, jezi ikae kwake. Alilitoa wiki hiyo hiyo, bombani, wakati timu inafua viatu. Nilikuwa natundika raba kwenye waya, nikajifanya sina masikio. Alipomaliza, mmoja akafunga bomba. Nilimwogopa Faraja. Ulimi ule ungeweza kumaliza kila kitu kwa sentensi moja.

"We Atupele," Faraja akasema. "Umetukosesha kombe kwa ajili ya adabu?"

"Ndiyo."

"Na uliona bora tukuite mvivu kuliko kumsema mzee."

Faraja akapiga kiatu ukutani kukikung'uta. "Mbona hukusema tangu mwanzo? Tungekuweka katikati yetu, sita sisi, nani angekuona? Mpuuzi sana wewe." Akamvuta akamkumbatia na mikono ya povu, na wale wengine wakaanza kulalamika kwamba shamba la viazi lile lingewashinda hata kulitembea. Nikaenda kutundika raba upande wa pili, maana macho yangu yalikuwa yanawasha.

Mwaka uliofuata ndio ulikuwa wa mwisho wangu, na mashindano yakarudi Mbalizi. Niwape matokeo kabisa msije mkasoma kwa wasiwasi: tulikuwa wa pili tena. Safari hii aliyetuangusha ni nahodha mwenyewe, alipatwa na kichomi nusu ya njia, na kwa mara ya kwanza nilimsikia Faraja hana la kusema. Wali na maharage vilifanya kazi vizuri sana jioni ile. Nafasi kabatini bado iko, nimewaachia ninyi. Lakini siku ile sikuwa kwenye mstari wa kumalizia, na ndilo nililotaka kuwaeleza tangu mwanzo.

Wiki moja kabla, nilimpigia simu Mzee Mwaipasi nikamwomba kwa adabu zote apumzike nyumbani, tutaweka mtu mwingine kwenye kona. Atupele alikuwa ameshafunga ndoa, na aliniambia waziwazi kwamba akimkuta mzee njiani atazunguka tena, liwalo na liwe. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, kona hii naijua mimi. Mkimweka kijana hapa atakwenda kunywa soda, watu watapotea. Niachie. Najua la kufanya."

"Utafanyaje, mzee wangu?"

"Niachie tu."

Asiyekuwepo Iringa siku ya ulanzi hawezi kujua nililalaje na jibu hilo. Asubuhi ya mbio niliwapanga waongoza njia, nikasema maneno yangu yaleyale ya kutazama usoni, na nikamwona Mzee Mwaipasi mwisho wa mstari akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za nchi nyingine. Bunduki ilipolia niliuacha mstari wa kumalizia, nikakata katikati ya mashamba kwa miguu yangu ya kustaafu, nikaenda kusimama kwenye mikaratusi.

Alikuwa katikati ya njia, na koti la kanisani. Hakuegemea mti. Alikuwa amewapa mgongo wakimbiaji, uso ameuelekeza nyumbani kwake, na mkono wa kushoto ameunyoosha na bendera yote imefunguka kuelekea kilimani, imara kabisa. Wakaja wa kwanza, wakaiona bendera, wakakunja. Wakaja wengine. Vumbi likamfunika, yeye hakutikisika. Kila aliyefika alikunja mahali pake, hakuna aliyesita. Maneno niliyoyasema miaka yote, mtazame usoni, mtazame usoni, na hapa kazi ilikuwa inafanyika vizuri kuliko nilivyowahi kuona, na mtu aliyekuwa haoni chochote.

Atupele akaja akiwa anapanda nafasi. Alimwona. Nikasimamisha pumzi, nikalitazama shamba la viazi, na miguu yake ikayumba kidogo kuelekea huko, kisha ikarudi njiani. Alipofika nyuma ya mzee alipunguza. Kwenye kona, mahali ambapo nimekataza watu kupunguza tangu nishike filimbi, aliinamisha kichwa, akakunja magoti kidogo, kama mama wa kule kwao anavyosalimia mkubwa, nusu hatua tu. Halafu akaondoka kwa mbio ambazo sikujua anazo, akawapita wawili kabla ya kilima.

Mzee alikaa vilevile mpaka wa mwisho kabisa alipopita, binti wa chuo kingine aliyekuwa akichechemea, naye akamsubiri. Ndipo nikamwambia, "Mzee wangu, wamekwisha." Akashusha mkono, akausugua, akageuka. Jasho lilikuwa limechora mistari kwenye vumbi la uso wake.

"Hukuona mbio hata kidogo," nikamwambia.

"Nilizisikia." Akaanza kuikunja bendera taratibu, pembe kwa pembe. "Kuna mmoja alifika nyuma yangu akapunguza, halafu akaenda."

"Ndiyo."

"Ndaga, mwalimu," akasema. "Usimgombeze."